UZI: "Sistimu iko chini." Nani hupima teknolojia ya hospitali?

1/ Juzi nilimpeleka shosho kliniki. Mashine ikakataa kusoma kidole chake, maana jembe lilishamaliza alama kitambo. Halafu tukaambiwa sistimu iko chini. Tuliingia saa mbili asubuhi, tukatoka saa tisa.

2/ Kwa siasa zetu, mmoja anaahidi hospitali za kidijitali, mwingine anajibu ati ni wizi mtupu. Sisi tunachagua timu na kurushiana maneno. Swali linalosahaulika ni hili: mfumo ukishawekwa, nani anapima kama umemsaidia mgonjwa? Historia ina visa viwili.

3/ Cha kwanza ni cha hapa kwetu. Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani upande wa Nandi, si mbali na Eldoret. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka hapo mfumo wa rekodi za wagonjwa. Kompyuta mbili tu, na betri ya sola stima ikipotea.

4/ Lakini kwanza watafiti walishika saa. Mgonjwa anakaa kituoni muda gani? Mhudumu anatumia dakika ngapi kwa kila mgonjwa? Baada ya mfumo kuanza, wakahesabu tena. Muda wa mgonjwa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22.

5/ Na hawakuficha mengine. Muda wa mhudumu kwa kila mgonjwa ulishuka kwa asilimia 58, na wafanyakazi wakapata muda zaidi wa shughuli zao binafsi. Hiyo ni habari njema ama mbaya? Unaweza kubishana. Lakini angalau unabishana ukiwa na namba mkononi.

6/ Kazi hiyo ilikua ikafika kliniki za HIV za Eldoret, na mwaka 2006 ikahamia OpenMRS, programu ya bure ambayo leo inatumika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika kwa vituo vyetu vingi, imejengwa juu yake.

7/ Kisa cha pili ni Uingereza. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango wa kuweka rekodi za wagonjwa wa NHS kwa kompyuta, England nzima, kutoka juu kwenda chini. Zabuni zikapewa kampuni kubwa haraka haraka, madaktari wengi wakilalamika kwamba hawakuulizwa. Kufikia 2006 gharama ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 12.4.

8/ Mwaka huo huo kampuni moja kubwa ikajitoa. 2008 mkataba wa nyingine ukavunjika. Septemba 2011 serikali ikatangaza inauvunja mpango wenyewe.

9/ Tusidanganyane, si kila kitu kiliharibika. Picha za eksirei kwa kompyuta zilifika hospitali za England na zikakubalika. Maoni yangu: zile zilitatua shida ambayo daktari alikuwa nayo tayari. Rekodi ya mgonjwa ilitaka hospitali tofauti zifanye kazi kwa mtindo mmoja, na hapo ndipo mambo yalikwama.

10/ Turudi nyumbani. Oktoba 2024 tuliaga NHIF iliyokuwepo tangu 1966, tukaingia SHA. Kabla ya hapo, 2023, tulipata Sheria ya Afya ya Kidijitali. Mjadala mwingi umekuwa bei na nani amepewa kazi. Ni haki kuuliza hayo, pesa ni zetu. Lakini mfumo unaweza kununuliwa bila rushwa na bado umchoshe Wanjiku.

11/ Kwa hivyo mwanasiasa akija na ahadi, wa upande wako ama wa upande ule mwingine, muulize:
– Kabla ya mfumo, mgonjwa alikuwa anangoja dakika ngapi? Na sasa?
– Ulijaribiwa kituo gani kwanza, na nesi wa hapo alisema nini?
– Stima ama intaneti ikipotea, mgonjwa anahudumiwa vipi?
– Mkataba ukiisha, rekodi zetu zinabaki kwa nani?

12/ Akikosa jibu la swali la kwanza, jua hakuna aliyepima. Mosoriot waliweza miaka ya 2001 na kompyuta mbili. Hawa wa leo wana kisingizio gani?

Shosho anarudi kliniki mwezi ujao. Mimi nitaenda na saa.