Aliyeachwa Mlimani

Kila Jumapili tunatoka Kiamunyi kuelekea Kabarak, na kila Jumapili naachwa. Mwanzoni najikinga upepo nyuma ya gurudumu la mwenzangu. Halafu pengo linafunguka: mita mbili, kumi, mwishowe naona migongo tu. "Kaza!" Nakaza nini sasa?

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, kulikuwa na mtoto aliyeachwa hivi. David Kinjah, nyota wa mbio za baiskeli nchini, alikuwa akifunza vijana wa kijiji. Kati yao akaingia mvulana mzungu, mzaliwa wa Nairobi 1985. Kinjah alikuwa mtu mzima mwenye miguu. Mtoto angemfikia wapi? Jina lake Chris Froome.

Mwaka 2006 wote wawili waliivalia Kenya jezi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Miaka miwili baadaye Froome akahamia leseni ya Uingereza. Alishinda Tour de France 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Kinjah akaendelea na vijana wake.

Froome alitia bidii, hakuna ubishi. Lakini Kinjah naye alitia, na ndiye aliyemtangulia mlimani. Kuna kuachwa kwa miguu, ambako mazoezi hutibu. Kuna kuachwa kwa pasipoti, timu na pesa. Hapo hata ukikaza, pengo liko palepale.

Langu, kwa sasa, ni la miguu. Jumapili nitatoka tena.