Kutoka Mzizima hadi Kariakoo: Jina Walilolibeba Wapagazi

Msomaji wa Kitui au Makueni huenda akauliza, historia ya mtaa wa Dar es Salaam yamhusu nini? Jibu limo katika jina lenyewe. Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Na miongoni mwao walikuwamo Wakamba wengi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, baina ya kijiji cha wavuvi na soko kubwa la leo, ilikuwapo kambi ya watu waliotoka mbali na bahari.

Katikati ya karne ya 19 Mzizima kilikuwa kijiji cha Washomvi na Wazaramo, watu wa uvuvi, chumvi na mashamba. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji kando yake, akauita Dar es Salaam. Akafariki 1870 kabla haujakamilika. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Jina la kale likasukumwa kando, ingawa wavuvi hawakutoweka: samaki wangali wakiteremshwa Feri, penye mlango wa bandari. Lakini biashara ya Waafrika ilielekea bara kidogo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, palipokuwa na shamba la minazi. Huko Wajerumani walijenga jengo la soko, na Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, wakawaweka wapagazi humo.

Walifikaje? Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Kenya iliendesha msako mkubwa wa vijana, na machifu wakatakiwa kuwatoa. Makueni wakati huo haikuwa wilaya, bali sehemu ya Machakos, na reli ilipita Makindu na Kibwezi. Wa Kitui walianza safari kwa miguu. Hapa yafaa tukumbuke kwamba njia ya pwani haikuwa ngeni kwa Mkamba. Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa kabla ya kuuawa mwaka 1851. Tofauti ni kwamba Kivoi alikwenda kwa hiari na kwa faida yake. Wapagazi wa 1917 walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na chakula kisichoiva.

Kwa upande wa lugha, neno hili lina mafunzo. Katika Corps, ambalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, konsonanti za mwisho hazitamkwi. Mswahili alifuata sikio, si maandishi. Ndiyo maana hatukupata "karikopusi". Mkazo ukaangukia o ya kwanza kati ya zile mbili, kwa kanuni yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Nairobi, ambako kambi nyingine iliacha jina lile lile, huandikwa Kariokor, kwa r ya mwisho inayokiuka desturi yetu ya silabi wazi. Kwa maoni yangu tahajia ya Dar es Salaam ndiyo ya Kiswahili. Ile ya Nairobi ni ya ofisi.

Baada ya vita jengo lile likarudi kuwa soko, na nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati zikalizunguka. Soko jipya la Beda Amuli lilifunguliwa 1975. Biashara ilipolegezewa masharti katika miaka ya 1980, nyumba hizo zilianza kubomolewa na maghorofa ya maduka kusimama mahali pake, yakibanana mno. Moto wa Julai 2021 sokoni na ghorofa lililoporomoka Novemba 2024 ni sehemu ya historia hiyo hiyo.

Sanamu ya 1927 katikati ya Dar es Salaam ni ya askari peke yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Na katika soko la Kariokor, mwendo mfupi kutoka hapo, huuzwa viondo vya mkonge, ambavyo Wakamba huviita syondo, vilivyosukwa na wanawake wa Ukambani.