Neothauma: konokono wa Tanganyika ambaye ganda lake ni nyumba ya samaki

Kule Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, kiisha mawimbi makali, maganda ya konokono yanatupwa kwenye mchanga wa ziwa. Watoto wanayachezea, wakubwa wanayakanyaga tu na kupita. Lakini moja kati ya hayo iko na kazi kubwa chini ya maji. Ni ganda la konokono ambaye wataalamu wanamuita Neothauma tanganyicense. Leo konokono huyu hapatikani mahali pengine duniani, ila ndani ya ziwa Tanganyika.

Namna ya kulitambua

Kwanza, ukubwa. Neothauma ndiye mkubwa kuliko konokono wote wa ziwa hili. Ganda lake linaweza kufika karibu sentimita 6, sawasawa na limau ndogo. Umbo lake ni kama pia ya watoto iliyonenepa: chini pana, juu ncha.

Pili, mdomo wa ganda. Lisimamishe ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama. Mdomo utakuwa upande wa kuume. Ni mpana, chini umeviringana na juu umechongoka kidogo. Konokono akiwa mzima anaufunga kwa kifuniko chembamba, kama ukucha.

Tatu, ngozi ya ganda. Haina miiba wala vinundu. Ganda la zamani linakuwa jeupe ao la kijivu, na mara nyingi limeshikwa na chokaa ngumu kama jiwe.

Yasiyo yenyewe

Ganda dogo, nene, lenye ncha fupi sana, ambalo linatoka kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi, ni la Spekia zonata. Lenye ncha ndefu na vinundu vilivyopangwa kama wavu ni la Lavigeria. Jepesi, lenye miiba mirefu, ni la Tiphobia horei, anayeishi kwenye matope ya chini. Na lile dogo lililo bapa, kama kamba iliyoviringishwa, ni la Biomphalaria, konokono anayebeba vijidudu vya bilharzia. Huyo wa mwisho si Neothauma, hata ukimlinganisha na mtoto wake.

Wazungu waliodhani ni bahari

Speke alifika ziwani pamoja na Burton katika mwaka 1858, akaokota maganda. Mwaka 1859, kule London, Woodward aliyaandika, na kati yao mlikuwa Spekia na Lavigeria. Mwaka 1880, Edgar Smith wa jumba la makumbusho la Uingereza akampa Neothauma jina lake, maana yake «ajabu mpya».

Ajabu yenyewe ilikuwa hii: maganda mengi ya Tanganyika yanafanana na ya baharini. Mtaalamu J.E.S. Moore alikuja mwaka 1896 na tena 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu akisema kwamba zamani sana bahari ilifika hapa, na konokono hawa ni mabaki yake.

Haikuwa hivyo. Miili yao inaonyesha kwamba ndugu zao ni konokono wa maji baridi. Neothauma ni wa jamaa ya konokono wa maji baridi ambao hawatagi mayai, wanazaa watoto wazima. Na unene wa maganda ya Spekia na Lavigeria unaelezwa na kaa wa ziwa, wenye magego yenye nguvu ya kupasua: konokono mwenye ganda jembamba aliliwa, mwenye ganda nene akabaki na kuzaa. Kwa hiyo ganda linatusaidia kujua konokono ni nani, lakini si kila mara linasema alitoka wapi.

Nyumba ya samaki

Maji ya Tanganyika yana chokaa nyingi, njo maana ganda tupu halioozi haraka. Linaweza kukaa chini mamia ya miaka. Mahali pengine yamelundikana mpaka yamekuwa kama sakafu.

Humo samaki wadogo wanaingia kujificha na kuzaa. Mmoja wao ni Lamprologus callipterus. Dume anabeba maganda kwa kinywa, moja moja, anayakusanya pamoja. Jike, ambaye ni mdogo kuliko dume mara kumi na zaidi kwa uzito, anaingia ndani ya ganda na kutaga mayai. Anabaki humo akiyalinda mpaka watoto waweze kuogelea. Dume mwenyewe hawezi kuingia, anachunga inje.

Hatari inatoka mlimani

Miti ikikatwa kwenye milima ya kando ya ziwa, na mashamba yakilimwa kwenye mteremko bila kinga, mvua inashusha udongo mpaka majini. Udongo huo unatulia juu ya maganda na kuziba midomo yake. Ganda liko pale, lakini samaki hana mlango. Wavu wa kukokota nao unavuruga maganda ambayo dume amekusanya.

Mkulima wa mlimani anaweza asione ziwa kwa miezi mingi. Hata hivyo, mistari ya majani na miti anayoacha shambani ni kinga ya mayai ya samaki. Na muvuvi akivuta maganda matupu ndani ya wavu, kuyarudisha majini hakumugarimu kitu.