Jinzi huchakazwa na ufuaji kuliko uvaaji

SURUALI ya jinzi ni vazi la karibu kila rika mijini Thika na Ruiru, kuanzia kwa vibarua wa viwandani hadi kwa wanafunzi wa vyuo. Nyingi ni za mitumba, na mnunuzi hutarajia zimfae kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, aghalabu kinachozimaliza si kuvaliwa bali kufuliwa.

Sababu imo katika kitambaa chenyewe. Nyuzi za mtande, zile ziendazo kwa urefu, hutiwa rangi ya nili, ilhali za mshindio, zinazokatiza kwa upana, huachwa nyeupe. Ndiyo maana upande wa ndani huwa mweupe kuliko wa nje. Isitoshe, nili haipenyi hadi kiini cha uzi. Hushika juu juu tu, na kila msuguo huibandua kidogo. Uimara wa vazi hili, ambalo Jacob Davis na Levi Strauss walilipatia hataza nchini Marekani mnamo Mei 20, 1873, ulitokana na misumari midogo ya shaba iliyokaza pembe za mifuko, wala si rangi.

Katika miji hii miwili, adui mkuu ni udongo. Upande wa magharibi, penye mashamba ya kahawa, udongo ni mwekundu kwa wingi wa chuma kilichoshika kutu; ukielekea mashariki hukutana na ule mweusi unaonata wakati wa mvua. Kosa hutendeka pale tope bichi linaposuguliwa papo hapo, kwa kuwa maji na msuguo huusukuma udongo ndani ya nyuzi. Tope liachwe likauke, likung'utwe, kisha lipigwe brashi kavu. Sehemu kubwa itaondoka kabla ya tone la maji kutumika.

Doa likisalia, wengi hukimbilia Jik, na hapo ndipo suruali nyingi huangamia. Dawa hiyo huivunja nili, lakini haiondoi chuma. Matokeo ni baka jeupe lenye wekundu ule ule katikati. Maji ya ndimu hufaa zaidi, yakijaribiwa kwanza upande wa ndani, yakaachwa dakika chache na kusuuzwa vyema.

Kufua kwenyewe hakuhitaji nguvu. Suruali ifungwe zipu, igeuzwe ndani iwe nje, na ilowekwe katika maji baridi yenye sabuni kidogo ya unga kwa muda usiozidi nusu saa. Ikandwe kwa mikono badala ya kusuguliwa kwa brashi ngumu. Mama fua naye aelezwe hayo mapema. Si haki kumlaumu baadaye kwa bidii yake. Jinzi mpya ifuliwe peke yake mara mbili tatu za kwanza. Wanaoiloweka katika chumvi au siki ili rangi ishike hupoteza chumvi yao bure, kwani nili haishikishwi hivyo.

Katika majumba ya kupangisha yanayotegemea maji ya visima, mara nyingine maji huwa magumu, sabuni ya kipande ikakataa kutoa povu na kuacha utando wa kijivu kwenye kitambaa. Kuongeza sabuni hakusaidii. Sabuni ya unga huyastahimili zaidi, na maji ya mvua ni bora kuliko yote.

Je, ifuliwe mara ngapi? Mnamo 2011, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, aliivaa jinzi yake miezi 15 bila kuifua, na bakteria waliopatikana walikaribia idadi ya siku 13 baada ya kuifua. Hilo si la kuigwa katika vumbi la Makongeni. Lakini mfanyakazi wa ofisini aweza kuivaa mara tano au sita bila kumkera jirani kwenye matatu. Fundi wa gereji hana anasa hiyo. Mwaka wa 2015, kampuni ya Levi Strauss ilikadiria kuwa suruali moja hutumia lita 3,781 za maji maishani mwake, asilimia 23 zikitumiwa na mvaaji.

Ianikwe kivulini, ikining'inizwa kwa kiuno, maana jua kali huipausha. Zile zinazonyumbuka zisipigwe pasi ya moto mkali, la sivyo mpira wake hulegea. Katika baridi ya Julai ianikwe asubuhi na mapema, mifuko ikiwa imetolewa nje. Mifuko na mshono wa kiuno ndivyo huchelewa kukauka, na harufu ya uvundo huirudisha suruali kwenye beseni.