Wanazuoni na Kompyuta: Mikutano ya Tübingen tangu 1973

Chuo Kikuu cha Tübingen, kusini mwa Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1477, nasi wanafunzi wa theolojia twakikumbuka kwa kuwa Philipp Melanchthon alifundisha huko kabla ya kwenda Wittenberg mwaka 1518. Lakini chuo hicho kina sura nyingine ya historia isiyosimuliwa sana. Tangu mwaka 1973 wanazuoni wa lugha, falsafa na Maandiko walikutana huko mara kwa mara kujadiliana jinsi ya kuitumia kompyuta katika kazi zao.

Hawakuwa wa kwanza. Mnamo 1949 Mjesuti Roberto Busa alimwendea Thomas Watson, mkuu wa IBM, kuomba msaada wa kuorodhesha maneno yote ya Tomaso wa Akwino. Matokeo yake yalijaza juzuu 56. Busa, hata hivyo, alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, na wanawake wengi waliotoboa kadi kwa mikono yao, ambao majina yao hayakutajwa kwa muda mrefu. Mwanazuoni wa kawaida alikuwa na meza yake tu, na fundi wa mashine asiyejua Kiyunani. Ilimbidi amweleze fundi huyo anachotaka, kisha apokee kile ambacho fundi amekielewa. Basi ni nani hasa aliyekuwa akiifanya kazi ya uchunguzi?

Swali hilo ndilo lililomshughulisha Wilhelm Ott, mtaalamu wa mizani ya mashairi ya Kilatini, aliyekuwa katika kituo cha kompyuta cha chuo. Katika mikutano aliyoianzisha, kila mmoja alieleza kazi yake na mahali alipokwama, na kumbukumbu ziliandikwa. Kutokana na mahitaji hayo ilikua programu iliyokuja kuitwa TUSTEP. Haikuwa mashine ya kujibu maswali. Ilikuwa mkusanyiko wa zana ndogo: moja ya kulinganisha nakala, nyingine ya kupanga maneno, nyingine ya kuandaa kurasa za kitabu. Mtafiti mwenyewe aliziunganisha apendavyo, na mwenyewe aliamua herufi zifuatane vipi.

Jambo hili la mwisho laweza kuonekana dogo. Msomaji wa Kiswahili ataliona uzito wake mara moja: mashine ikipanga kwa alfabeti tu, "alisema" na "watasema" hutengwa mbali, na shina la neno halionekani popote. Ni lazima mtu anayeijua lugha aiamuru mashine itazame wapi.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1977 mtawa Bonifatius Fischer alitoa itifaki ya Biblia ya Kilatini, yaani orodha ya maneno yake na mahali yalipo, katika juzuu 5. Mwaka 1984 Hans Walter Gabler alitoa riwaya ya James Joyce iitwayo Ulysses katika juzuu 3, akiwa amelinganisha maandishi yake kwa TUSTEP. Miaka minne baadaye John Kidd aliishambulia vikali toleo hilo, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Kwa maoni yangu ugomvi huo wafundisha zaidi kuliko sifa zote. Mashine ilionyesha mahali nakala zinapotofautiana. Kuchagua lipi ni neno la mwandishi kulibaki mikononi mwa mhariri, naye ndiye aliyeulizwa.

Mwaka 1993 watumiaji wa programu hiyo waliunda umoja wao wa kimataifa, ITUG, ili ujuzi usitegemee mtu mmoja wala kituo kimoja. Ott alipokea Tuzo ya Busa mwaka 2007. Mnamo 2011 maandishi ya ndani ya programu yenyewe yaliwekwa wazi, yeyote ayasome na kuyarekebisha bila kulipa.