Mkwaju wa Kiiraqw na kompyuta za watu

Wadau, hapa Nangara, mjini Babati, Kiswahili kinapishana na Kiiraqw na Kigorowa kila siku. Mbele ya kompyuta, hata hivyo, lugha hizi hazina bahati sawa. Tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa ASCII, jedwali linalompa kila herufi namba yake. Nafasi zilikuwa 128 tu. Kiswahili kilipenya bila jasho, maana hatuweki vituo juu ya herufi. Hata ng'ombe wetu alihitaji alama namba 39, basi.

Kiiraqw kina sauti ya kooni, wanaosoma Kiarabu wanaijua kama ain. Huandikwa kwa mkwaju, kama katika Irqwa Da/aw, nchi ya asili ya Wairaqw kwenye milima ya Mbulu. Mkwaju umo ndani ya ASCII, namba 47. Tatizo limekwisha? Thubutu! Kwenye Unix, iliyoanza 1969, mkwaju hutenganisha majina ya folda. Windows nayo inaukataa kwenye jina la faili. Jaribu kuhifadhi faili kwa jina hilo uone.

Kuna kituko kingine. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa terminali ya VT100. Ili kuchora majedwali, iliazima herufi ndogo: ikipokea amri maalumu, q inakuwa mstari wa kulala na x mstari wa kusimama. Amri ya kurudi ikipotea, skrini nzima inageuka uzio. Andika Iraqw hapo: I itabaki, r na q zitakuwa mistari, a itakuwa vitone, w itakuwa kiungo cha jedwali. Programu nyingi za terminali za leo bado zinaiga tabia hiyo.

IBM PC ya 1981 ilikuja na nafasi 256, mistari ikapewa namba zake. Lakini kila kampuni ilikuwa na jedwali lake, hivyo mstari wa huku ulisomeka herufi ya ajabu kule.

Suluhisho likawa Unicode, iliyotoka 1991, na UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Hata hivyo, programu ikisoma UTF-8 kwa jedwali la zamani la Windows, unapata ngâ€™ombe. Nani hajamwona ng'ombe huyo?

Unicode ina alama ya sauti ile ya kooni, ʕ. Kibodi zetu za kawaida hazina. Kwa hiyo mwandishi wa Kiiraqw anabaki na mkwaju, na faili lake analibatiza jina lisilo la kwao.

Mnaweza kusema ni alama moja tu. Lakini ukiiondoa, umeondoa konsonanti nzima, na neno si lile tena. Je, mtoto akizoea kulikata neno la kwao ili mashine ikubali, kesho ataliandika vipi hata kwenye daftari?

Haya, uwanja ni wenu.