Homa ya Fort Dix na Chanjo ya Mwaka 1976

Leo twataka kuwasimulia habari ya taifa kubwa lililojiweka tayari kwa maradhi, na maradhi yenyewe yasije. Ni habari ya Marekani, mwaka 1976.

Mwezi wa Februari mwaka ule askari mmoja kijana wa kambi ya Fort Dix, katika jimbo la New Jersey, alishikwa na homa ya mafua akafa. Madaktari walipochungua waliona ya kuwa si mafua ya kila mwaka, bali ni homa ya nguruwe, nayo ilidhaniwa kuwa ni jamaa ya ile homa kuu ya mwaka 1918. Homa ile ya 1918 hukisiwa kuwa iliua watu milioni 50 ulimwenguni, ikafika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Damu ya askari ilipopimwa, zaidi ya 200 walionekana wameambukizwa.

Basi wakuu wafanyeje? Chanjo ya mafua ilikuzwa katika mayai ya kuku, kazi ya miezi mingi, na majira ya baridi hayangoji. David Sencer, mkuu wa idara ya kuzuia maradhi, alishauri watu wote wachanjwe. Tarehe 24 Machi Rais Gerald Ford alitangaza shauri hilo, akaomba dola milioni 135. Pamoja naye walikuwapo Jonas Salk na Albert Sabin, mabingwa wa chanjo ya polio.

Lakini miezi ilipita, na homa haikuonekana nje ya kambi. Hapo mashauri yakagawanyika. Wengine walisema chanjo itengenezwe, kisha iwekwe ghalani mpaka homa ionekane. Sabin mwenyewe baadaye aliligeukia shauri hilo. Wenzao walijibu ya kwamba mafua husafiri upesi kuliko wachanjaji, na dawa iliyo ghalani haimkingi mtu. Sisi twaona kila upande ulikuwa na haki yake. Kosa lilikuwa kufunga mambo mawili katika mzigo mmoja. Kutengeneza chanjo ni jambo moja, na kuwachoma watu sindano ni jambo jingine.

Kisha mashirika ya bima yakakataa kuwadhamini watengenezaji. Yaliogopa mashtaka, wala hayakuwa na siri yoyote juu ya ubaya wa dawa. Lakini raia aliyesikia habari hiyo angekosaje kuingiwa na shaka? Mwezi wa Agosti ikatungwa sheria, serikali ikajitwika dhamana.

Kazi ilianza tarehe 1 Oktoba. Hazikupita siku nyingi, wazee watatu wakafa katika mji wa Pittsburgh siku ile ile waliyochanjwa. Majimbo kadhaa yalisimamisha kazi mara moja. Walipochunguza hawakuona ya kuwa chanjo ndiyo iliyowaua. Katika maelfu ya wazee, hapana siku ipitayo bila baadhi yao kufa kwa maradhi ya moyo, wachanjwe wasichanjwe. Neno hili lilipaswa kuelezwa watu mapema, kabla ya sindano ya kwanza. Likielezwa baada ya mazishi huonekana kama udhuru. Tarehe 14 Oktoba Rais alichanjwa mbele ya watazamaji wa televisheni.

Dhara la kweli lilikuja kwa njia nyingine. Kuanzia Novemba zilisikika habari za watu walioishiwa nguvu miguuni, udhaifu ukapanda mwilini, na wengine wakashindwa hata kupumua. Ni maradhi ya neva yaitwayo Guillain-Barré; wengi wa wayapatao hupona, wengine hufa. Hesabu ilionyesha yapata mgonjwa mmoja wa ziada katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Kama homa ya 1918 ingalirudi, hatari hiyo ingaliweza kuvumiliwa. Lakini homa haikuwapo, na aliyepooza alipooza bure. Tarehe 16 Desemba kazi ilisimamishwa, ilhali watu zaidi ya milioni 40 walikuwa wamekwisha kuchanjwa.

Mapema mwaka 1977 Sencer aliondolewa katika cheo chake. Madai ya fidia yalifikia maelfu, serikali ikayajibu mahakamani kwa miaka mingi. Homa ya Fort Dix haikutoka kambini, na katika kambi ile haikumwua mtu mwingine ila yule askari mmoja.